Barua kwa Mjomba: Wale Wazee Watatu Wamemaliza Safari

Coventry, Uingereza
29 Septemba 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi huku ni mzima, alhamdulillahi, kazi inakwenda na baridi ndiyo kwanza inaanza. Nataraji wewe, Mama Saidi na nyumba nzima hapo Barani hamjambo, na kwamba ule mguu umepungua uvimbe. Mama aliniambia bado unainama chini ya magari na mguu huo huo. Nitakuja kwenye hilo baadaye.

Uliniuliza kwenye ujumbe wa sauti: wale wazee wako watatu wa magari nasikia wamestaafu, wameisha vipi? Nilianza kukujibu kwa sauti, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Jambo lenyewe haliingii katika ujumbe wa dakika mbili, na wewe ndiwe uliyenifunza kulitazama. Kwa hiyo nimeketi na kalamu. Mwambie Saidi akusomee pole pole na asiruke mistari, hata pale panapohusu kabureta.

Wameisha vizuri, Mjomba. Wameisha vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba, na tangu nimekitazama kipindi chao cha mwisho nimekuwa na furaha na huzuni kwa pamoja, wala sioni haya kulisema hilo kwa kipindi cha televisheni.

Wewe uliwajua tangu enzi za Top Gear, kile kipindi cha magari cha BBC walichokuwa wakitangaza, tulipokuwa tukiwatazama kwa dishi la jirani na dirisha lake limejaa vichwa vya watoto. Ukawapoteza mwaka 2016 kwa sababu walihamia Amazon wakaanzisha The Grand Tour, na hiyo haiji kwa dishi, yataka intaneti na malipo ya kila mwezi. Lakini wao ni wale wale. Clarkson yule mrefu wa kupiga kelele, Hammond yule mfupi, na James May mwenye nywele ndefu, ambaye ulimpenda kuliko wote kwa sababu, ulisema, ndiye pekee kati yao anayeshika spana kama mtu aliyewahi kufunzwa.

Kipindi cha mwisho kilitoka Ijumaa tarehe 13 mwezi huu. Kinaitwa One for the Road. Waliivuka Zimbabwe, wakaingia Botswana, na safari hii kila mmoja alikwenda na gari ambalo maisha yake yote alitamani kulimiliki. Sikiliza sasa magari yenyewe.

Clarkson alichukua Lancia Montecarlo. Ndiyo, Mjomba, Lancia tena. Nakusikia ukicheka kutoka huku. Wewe umezifungua Lancia na Fiat za Wataliano wa Malindi miaka na miaka, na unajua upepo wa chumvi unavyozifanya. Nakumbuka ulivyokuwa ukibonyeza ukingo wa chini wa mlango kwa kidole gumba kabla hata hujafungua boneti, na ukiona unabonyea unamwambia mwenyewe kwa Kitaliano chako kwamba gari limekwisha liwa. Basi ujue huku Uingereza, kusiko na jua wala pwani ya kwetu, mambo yalikuwa yale yale. Mwaka 1980 habari ya Lancia Beta ilijaa magazetini, kutu ikiwa imekula mpaka pale injini inapofungwa, hata kampuni ikaanza kuyanunua tena magari yale kutoka kwa wenyewe. Jina halikupona. Mwaka 1994 Lancia ikaacha kabisa kuuza magari katika nchi hii.

Montecarlo ni ya ukoo wa Beta kwa jina, ila umbo lake lilichorwa na Pininfarina, wachoraji wa magari wa Kitaliano, na injini yake ya lita 2 imekaa nyuma ya viti viwili, katikati ya gari. Nayo ilikuwa na ila yake. Breki za mbele zilikuwa zikikaza ghafla na kufunga matairi barabara ikiwa na maji, kwa sababu nguvu ya kusaidia mguu ilipelekwa mbele tu. Wakaacha kuiunda mwaka 1978, wakairudisha 1980 ikiwa imerekebishwa. Gari la namna hiyo mtu analipeleka kwenye vumbi la Zimbabwe na umri wake umepita miaka 60! Na alikuwa akiliangalia kila aliposhuka, Mjomba. Anashuka, anakwenda hatua chache, anageuka kuliangalia. Unawajua watu wa hivyo. Wamekuja gerejini kwako.

May alichukua Triumph Stag, na hapa nitakaa kidogo, maana Stag iliundwa hapa hapa Coventry, mtaa wa Canley. Kiwanda hicho kiliacha kuunda magari mwaka 1980. Nikipita pale kwa basi sioni dalili yoyote kwamba watu maelfu walikuwa wakiingia na kutoka na mikono yenye grisi. Umbo la Stag lilichorwa na Giovanni Michelotti wa Torino, kwa hiyo kati ya magari yale matatu, mawili yana mkono wa Mtaliano. Nilijua utalipenda hilo. Injini ni ya silinda 8, lita 3, na sauti yake wallahi ni tamu. Ila sifa yake kubwa katika nchi hii si sauti, ni kuchemsha. Pampu ya maji imewekwa juu kabisa, kati ya safu mbili za silinda. Maji yakipungua kidogo tu kwenye radieta, pampu ndiyo ya kwanza kukauka, na ikikauka haisukumi kitu. Silinda hedi ni za aluminiamu, bloku ni ya chuma. Sina haja ya kukueleza kinachofuata, umepasua gasketi za namna hiyo kwa mikono yako mwenyewe. Wenyewe wengi walikata tamaa wakaing'oa injini ya asili na kuweka ya Rover. Na May, mtu makini kuliko wote, ndiye aliyeichagua hiyo, akaiingiza kwenye joto la Afrika. Nilikaa nikiitazama ile mishale ya joto kama ni gari langu.

Hammond alikuwa na Ford Capri ya lita 3. Hiyo haina mengi. Injini nzito mbele, mkia mwepesi, na chini yake vyuma vya Cortina ambavyo wewe ungevitambua gizani.

Nikuambie kilichonishika, nje ya uzuri wake. Yote matatu ni magari ya miaka ya 70. Kila kilichoharibika kilionekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Wanasimama kando ya njia, boneti juu, mmoja anainama, wawili wanamcheka, halafu gari linawaka. Huku gerejini kwetu tunatengeneza mabasi, na mengi sasa ni ya umeme. Sigusi kitu kabla sijachomeka waya na kusoma kompyuta inasemaje. Si kwamba nalalamika. Mabasi haya hayatoi moshi, madereva wanayapenda, na watoto wanaokwenda shule hawavuti ile harufu ya dizeli niliyokua nayo mimi. Ila sijawahi kuliweka sikio langu kwenye basi hata moja kati ya hayo, kwa vile halina la kuniambia. Clarkson mwenyewe, alipoulizwa kwa nini wanaacha, alisema amezeeka na kunenepa mno kuingia kwenye magari anayoyapenda, na hana hamu ya kuendesha yale asiyoyapenda. Wengi hapa kazini walikasirika wakasema ni mzee aliyekataa kubadilika. Mimi nilimwelewa. Mtu aliyeijua kazi fulani kwa masikio na pua hawezi kulazimishwa aipende nyingine inayojulikana kwa kioo cha simu. Anaweza tu kusema kwa heshima: yangu imefika hapa.

Sasa turudi Botswana, maana bila Botswana ya mwaka 2007 huwezi kuelewa walichokifanya mwaka huu. Unaikumbuka vizuri, najua, kwa vile tuliitazama mpaka nikaweza kusema maneno yao kabla hawajayasema. Walitaka kuonyesha kwamba watu wa mijini Uingereza hawana haja ya kununua majigari makubwa ya kukokota kwa magurudumu manne. Wakaambiwa kila mmoja anunue gari la kawaida kwa pauni 1,500 au chini, lisiloundwa kwa ajili ya barabara mbovu, waivuke nchi nzima. Nawe ukauliza, kwani hilo ni jambo la kuthibitishwa? Ulikuwa umetoka Garsen siku hiyo na Peugeot 504 yako, tope mpaka kioo cha mbele, abiria wamejaa na mbuzi kwenye kerea. Watu wote pale walicheka, lakini mimi nilikuwa mdogo na nililichukua kwa uzito. Ndipo nilipofahamu kwamba yale wanayoyaita maajabu wao ni safari ya kila siku kwetu.

May alikuwa na Mercedes 230E. Clarkson Lancia Beta Coupé, na ile gari haikuwa na siku njema hata moja. Hammond akanunua kile ki-Opel Kadett cha mwaka 1963, akakipa jina Oliver. Walipofika Makgadikgadi ilibidi wayapunguze magari uzito, na wawili wale wakang'oa milango, vioo, viti, kila kisichohitajika. Hammond akakataa kumng'oa Oliver hata kipande. Uliinuka kwenye kigoda chako ukasema huyo ndiye mwenye gari. Baadaye Oliver akazama mtoni katika nchi ya Okavango, nasi tukadhani amekwisha, lakini Hammond akamfufua, akavuka naye mpaka mwisho, kisha akamsafirisha mpaka kwao. Sasa Hammond ana gereji ya kufufua magari ya zamani huko Hereford, na sioni ajabu.

Makgadikgadi yenyewe wewe uliielewa kuliko mtangazaji yeyote, kwa sababu ya Gongoni na Marereni. Ni ziwa la kale lililokauka, limeacha uwanja wa chumvi usio na mwisho. Juu pamekauka na kung'aa, ganda limekaa kama utando juu ya maziwa, na chini yake ni tope. Gari jepesi linapita. Gari zito linalivunja ganda, na likishalivunja haliendi mbele wala halirudi nyuma. Umevuta malori mangapi kwenye viwanja vya chumvi vya Gongoni, madereva wakiapa kwamba ardhi ilikuwa kavu? Tulipokuwa tukitazama ulikuwa ukiwapigia kelele wale wazungu: usisimame! Usisimame, gia ya pili, usikanyage sana! Na kila aliyesimama alizama, vile vile ulivyosema. Siku hiyo ndiyo niliyoamua nitakuwa fundi. Sijawahi kukuambia.

Basi mwaka huu, miaka 17 baadaye, walirudi pale pale. Katikati ya chumvi ile kuna kisiwa cha mawe kinaitwa Kubu, miamba mitupu na mibuyu iliyosimama peke yake, minene kama ile ya kwetu njia ya Mambrui. Mwaka 2007 walipita hapo wakiwa bado wana nguvu na mawili kati ya magari yao yamebaki mifupa. Safari hii walikuja na Lancia, Capri na Stag zote zikiwa na milango yake, wakiendesha sambamba juu ya uwanja mweupe, na waliotengeneza filamu wakachanganya picha za sasa na za zamani. Unamwona Clarkson mwenye nywele nyeusi, mara unamwona mwenye mvi. Hammond kijana, Hammond mtu mzima. May hakubadilika sana isipokuwa weupe wa kichwa. Hakuna aliyehitaji kueleza kitu. Walifika kisiwani, wakashuka, wakamaliza.

Nililia, Mjomba. Nililia sana, na mwenzangu wa chumba, Msomali wa Garissa, akaingia jikoni akaanza kukaanga vitunguu ili kila mtu awe na sababu.

Nataka nikueleze kwa nini naita huo mwisho mzuri, maana hapa watu wengine wanasema ni biashara tu, Amazon imechoka kulipa. Labda. Lakini wewe na mimi tulikuwapo mwaka 2015. Machi ya mwaka huo Clarkson alimpiga mtayarishaji wa kipindi, na BBC ikakataa kuurefusha mkataba wake. Ilifanya haki. Mimi nilikuwa nikimpenda Clarkson lakini mkubwa hampigi mdogo wake kazini, na ulilisema hilo siku ile ile wala hukutaka mjadala. Hammond na May wakaondoka pamoja naye. Vipande vilivyokuwa vimekwisha kurekodiwa vikarushwa tarehe 28 Juni, na Hammond na May wakavitambulisha katika studio tupu, bila hata mtazamaji mmoja, na sanamu kubwa la tembo limesimama pale badala ya yule ambaye kila mtu alikuwa akimuwaza na hakuna aliyemtaja. Hivyo ndivyo Top Gear ya watu wale ilivyokwisha. Hakuna aliyeaga. Waliokuwa wakitazama tangu 2002 wakaachwa mlangoni. Nilikuwa na hasira mwaka mzima, na hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi, kwa kuwa aliyekosa alikuwa ni yule yule niliyemkosa.

Kwa hiyo huu wa mwaka huu ni mwisho wa pili, na umelipa deni la ule wa kwanza. Wameuchagua wenyewe. Wamechagua mahali, wamechagua magari, na wamesimama wakiwa bado wanaweza kwenda. Wote watatu wako hai, na hilo si dogo hata kidogo. Hammond alipinduka mwaka 2006 akiwa kwenye gari la injini ya ndege, mwendo wa zaidi ya kilomita 450 kwa saa, akalala bila fahamu. Mwaka 2017 akatoka kwenye mlima wa Uswisi na gari la umeme lililowaka moto likateketea. Mara zote mbili nilidhani ndiyo basi. Kuwaona watatu wamesimama Kubu, wazee, wazima, bado wanaweza kuchokozana, mimi nilimshukuru Mungu kwa ajili yao kama ni jamaa zangu.

Na sisemi walikuwa watu wa kusifiwa kwa yote. Clarkson amewatukana watu wa mataifa mengi na mdomo wake haukuwahi kupona. Afrika yetu aliipenda zaidi ikiwa na mashimo na matope, na mara nyingi watu walionekana nyuma ya magari tu, wakipunga mkono. Nilipokuwa mkubwa nilianza kuliona hilo na liliniuma. Hata ile safari yao ya mwaka 2013 ya kutafuta chanzo cha Mto Nile, walipotoka Uganda wakaishia Tanzania, tuliifurahia kwa kuona barabara zetu kwenye televisheni ya Uingereza, lakini mtu aliyezaliwa hapo angetengeneza kipindi kingine kabisa. Wewe ungetengeneza kingine. Ile ya Msumbiji ndiyo ninayoisamehe zaidi, walipobeba samaki kutoka pwani kupeleka kijiji cha bara kiitwacho Bingo, Clarkson kwa pikapu, May kwa Mercedes kuukuu, Hammond kwa pikipiki. Kwa sababu hapo kwa mara moja walijaribu kazi ambayo watu wa kwetu wanaifanya kila alfajiri, na ikawashinda vibaya, na wakaonyesha kwamba imewashinda. Kijana yeyote wa bodaboda anayetoa samaki Ngomeni kupeleka Malindi mjini angewafunza.

Lakini mtu humpendi kwa kuwa hana ila. Kilichonikalisha mbele yao miaka yote ni ule ugomvi wao usioisha ambao haukuwahi kuwatenganisha, na kule kuamini kwao kwamba gari bovu ni sababu ya kutosha ya kuanza safari. Gereji yako ilikuwa hivyo. Wazee wanakuja asubuhi na Fiat isiyowaka, jioni bado wako kwenye benchi, hawaulizi tena imefika wapi. Unakumbuka mwaka 1988, yule dereva wa Kitaliano Biasion alipoipa Lancia ushindi wa kwanza wa Safari Rally? Sikuwa nimezaliwa, lakini umenisimulia mara nyingi mpaka naona kama nilikuwapo. Wataliano wote wa Malindi barabarani wanapiga honi, nawe umekaa na 504 yako ukiwakumbusha kwamba Peugeot ilishinda 1975 na 1978, wakati dereva wao wa zamani Munari na Lancia zake walikuwa bado wanahangaika na mashimo ya Kenya. Mkagombana mpaka usiku na kesho yake wakaja tena.

Ndiyo maana nilishtuka Saidi aliponiambia kwamba umeamua kufunga mwisho wa mwaka. Nimeelewa sababu. Mguu, macho, na kazi yenyewe imebadilika. Tuktuk zina mafundi wao, pikipiki zina mafundi wao, na Probox mpya zinataka kompyuta kama mabasi yangu. Sitakuambia uendelee. Nikikuambia hivyo nitakuwa najifikiria mwenyewe, kwamba nikirudi nikute kila kitu kama nilivyokiacha.

Nakuomba tu usifunge kimya kimya, Mjomba. Saidi anasema unataka tu siku moja usifungue mlango, ukamwachie spana, basi. Nakusihi usifanye hivyo. Umefungua mlango ule tangu kabla sijazaliwa. Umefunza vijana ambao leo wako Mombasa, Lamu, Doha, na mmoja yuko Coventry anakuandikia. Chagua siku. Ichague wewe, si mguu, si mwenye kiwanja. Nami nimekwisha omba likizo ya Desemba na wamenipa. Ingoje hiyo. Tuwaite waliopita kwako wote wanaoweza kuja, Mama Saidi apike pilau, na Mzee wa Fiat ya kijani, kama bado yuko Malindi, aje akae kwenye benchi lake.

Halafu siku hiyo tuitoe 504. Najua imesimama chini ya mkorosho na Mama Saidi anaiita banda la kuku. Tutaiwasha. Tutaipeleka Gongoni, pale kwenye njia ya viwanja vya chumvi ulikoniambia ulivuta lori lako la kwanza ukiwa kijana wa kazi, bila mshahara, kwa chakula tu. Wewe utaendesha, mguu ukikubali. Usipokubali nitaendesha mimi nawe utanipigia kelele nisisimame.

Kipindi chenyewe nitakuja nacho kwenye tableti yangu, tukitazame barazani siku tutakayokuwa sisi tu. Nitakutafsiria, ingawa najua hutasikiliza tafsiri, utasikiliza ile injini ya Stag. Nataka uniambie kama kweli inachemsha au ni mimi niliyekuwa na wasiwasi.

Sasa la kazi. Nimempata muuzaji wa spea za zamani hapa, mzee mmoja mwenye ghala limejaa mpaka darini, ana vitu vya 504. Nitakuja na gasketi ya silinda hedi, mipira ya radieta na seti ya kabureta. Ila sikumbuki kama injini yako ni ile ya 1800 au ya 2000, maana uliibadilisha baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997, na kadi ya gari bado inasema ya zamani. Mwambie Saidi apanguse namba iliyopigwa ubavuni mwa bloku, upande wa kushoto, aipige picha anitumie kabla ya mwisho wa Oktoba. Asikisie. Na apime pia urefu wa mpira wa juu wa radieta, kwa sababu nakumbuka ule ulioko sasa ni wa Datsun.

Nisalimie Mama Saidi, mwambie shali yake nimeinunua, ya buluu kama alivyotaka. Nisalimie na wote wa barazani.

Wasalaam,
Mpwa wako,
Bakari